Mama Nira na Kanda ya Mzee Margwe

Genoveva, fundi wa kompyuta mjini Mbulu, aliitwa Mama Nira kwa sababu ya jibu alilompa kila mteja mwenye haraka: kumbukumbu na njia ya ndani ya prosesa ni ng'ombe wawili wa plau chini ya nira moja, lazima waende mwendo mmoja, tena mwendo wanaouweza. Watu walicheka, jina likabaki.

Siku moja ya mwaka 2021, Mzee Margwe alileta kaseti kutoka Tumati. Ilikuwa na sauti ya marehemu baba yake akisema slufay, dua ndefu ya Wairaqw. Jumamosi ukoo ungekutana, na hakuna aliyebaki anayeijua yote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Utepe unamomonyoka. Utapigika mara moja tu."

Kompyuta ya kunakilia ilikuwa moja, na asubuhi ile ilikuwa imeganda mara mbili. Genoveva alimgeukia mdogo wake. "Basili, umegusa nini?"

"Nimeiongezea mwendo kidogo, dada. Kumbukumbu elfu tatu na mia nane, njia nusu yake, maana kumbukumbu huhesabiwa mara mbili kwa kila hatua. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Nira umeifunga sawa. Ng'ombe ndio uliowachosha."

Akashusha kumbukumbu hadi elfu tatu na mia sita, njia elfu moja na mia nane, akaanzisha jaribio la kutafuta makosa ya kumbukumbu. Dakika ya arobaini mstari mwekundu ulitokea.

"Kosa moja tu, dada," Basili alinong'ona.

"Hilo moja likiangukia kwenye sauti ya marehemu, utamwambia nini Mzee?"

Akashusha tena: elfu tatu na mia mbili, elfu moja na mia sita. Jaribio likaanza upya. Mzee Margwe aliweka kofia magotini. Gari la mwisho la Tumati lingeondoka saa kumi. Saa tisa jaribio lilikwisha bila kosa.

Genoveva akaunganisha redio kaseti na kompyuta, akaanza kurekodi, akabonyeza kitufe cha kupiga. Sauti ikatoka, nzito, yenye mikwaruzo. Mzee akaiitikia kimoyomoyo. Mwishoni kabisa, utepe ulinaswa ndani ya redio.

Genoveva alihifadhi faili kwanza, kisha akalisikiliza kipande kwa kipande. Dua yote ilikuwamo, hadi itikio la mwisho.

"Yupo," Mzee alisema.

Genoveva akaunasua utepe, akatia penseli kwenye tundu la kaseti, akauzungusha taratibu mpaka wote ukaingia.