Alifunga matimba machimboni, sasa droo ya kinanda inamtoa jasho

Saa mbili asubuhi, Mayala Theonest amepiga magoti chini ya meza katika nyumba ya watu, mtaa wa Nyasubi mjini Kahama. Tochi ya kichwani, ileile aliyokuwa akishuka nayo shimoni, inamulika droo. Anavuta. Droo haiji. Anasimama, anaizunguka meza, anapiga magoti tena.

“Droo ina kichwa kigumu hii,” anasema.

Ndani ya droo hiyo kimekwama kinanda cha Asteria Bartholomeo, mwimbaji wa miaka 29 anayerekodi nyimbo katika chumba kimoja cha nyumba yake. Leo ni Alhamisi. Jumamosi kwaya ya kijijini kwao, Didia, inakuja kurekodi.

Meza yenyewe si ya kuchezea. Ni ya mninga, na marehemu baba yake, Mwalimu Bartholomeo, alisahihishia madaftari juu yake kwa miaka 31. Asteria alitaka ibaki ileile, ila imfae kwa muziki: chini iwekwe droo pana ya kinanda, juu vibao viwili vya kuinua spika zifike usawa wa masikio, na nyuma tundu la kupitisha nyaya.

“Nilimwambia, Baba Juliana, ukiiharibu hii hakuna nyingine,” anasema Asteria, akimwita Mayala kwa jina la mwanawe. “Akanijibu kwamba yeye amekata miti iliyobeba mlima.”

Hakusema uongo. Mayala, mwenye miaka 46, alifunga matimba kwa miaka kumi na minne katika machimbo madogo ya Geita. Matimba ni miti inayozuia kuta za shimo la dhahabu zisiporomoke. Alishuka hadi futi 180. Mara mbili alifukiwa. Ya pili alitolewa baada ya saa tisa. Mwenzake aliyekuwa hatua mbili kutoka alipokuwa alitolewa maiti.

Mwaka jana mkewe, Zipora, aliuza magunia sita ya mpunga akamnunulia randa, msumeno na patasi.

“Alivimwaga miguuni pangu,” anakumbuka Mayala. “Akasema amechoka kulala na simu mkononi akisubiri kuambiwa nimekufa.”

Tangu hapo ana banda lake la mabati karibu na soko. Anafanya kazi peke yake. Ubao mrefu anaukandamiza kwa goti maana hana wa kuushika upande wa pili. Wiki nzuri inampa shilingi 40,000. Shimoni wiki nzuri ilimpa mara tano ya hapo, na wiki mbaya haikumpa kitu.

Mwili haujazoea. Hawezi kukaa. Katika nusu saa ya mazungumzo ametoka nje mara nne kutazama mawingu, na penseli imehama kutoka sikio hili kwenda lile. Nyuma ya mlango wa banda lake unaning'inia mfuko wenye kofia ngumu, buti na shuka. Haujafunguliwa tangu arudi. Gregory, waliyefunga naye matimba miaka yote ile, humpigia simu karibu kila siku kumwita arudi shimoni.

“Kazi hii ikinishinda, Jumatatu napanda basi,” anasema Mayala, macho sakafuni.

Kosa lake lilitoka shimoni. Kule mti hukatwa ukiwa mrefu kidogo kuliko nafasi yake, kisha unagongwa mpaka ubane. Ukiacha uwazi, ukuta unapata pa kuanzia kuporomoka. Basi na droo aliibana hivyohivyo. Jumatatu aliiingiza kwa kuisukuma na goti, akamwonyesha Asteria kwamba hata wembe haupiti pembeni.

“Nikampigia makofi,” anasema Asteria. “Kumbe nashangilia msiba.”

Jumanne mvua ikanyesha, Jumatano ikarudia. Mbao za droo ni paini. Zikavimba.

Mayala ananyoosha mkono kwenye nyundo.

“Weka chini hiyo, baba! Humo kuna kinanda, siyo mwamba.”

“Sasa nifanyeje, niiimbie?”

“Iimbie. Ila usigonge.”

Anafungua skrubu nane za ubao wa nyuma na kuisukuma droo kwa viganja viwili. Inatoka ikilia kama mbuzi. Kinanda kizima. Asteria anaketi chini, anashusha pumzi.

Randa inaanza. Mayala anapunguza pembeni, anajaribu, inabana. Anapunguza tena, kisha mkono unasimama.

“Mkono unakataa,” anasema. “Nikiona uwazi nasikia kifusi.”

Asteria anatoa kadi yake ya benki kwenye pochi. “Hii ipite pande zote mbili, Baba Juliana. Ikipita tu, basi.”

Anaranda tena, taratibu, midomo ameikaza. Anaingiza kadi. Inateleza kuanzia mbele mpaka nyuma. Hapohapo anainua uso kutazama dari.

“Imepita,” anasema.

“Na hakuna kilichoanguka,” anajibu Asteria.

Kinanda kinarudi mahali pake. Asteria anavuta droo kwa kidole kimoja, anabonyeza vitufe, sauti inajaa chumbani. Mayala yuko mlangoni, tayari anatazama mawingu, simu inapoita. Ni Gregory. Anapokea, anawasha spika ya simu na kuielekeza kwenye kinanda.

“Bhebhe,” Gregory anamwita, yaani ‘wewe’ kwa Kisukuma, “hiyo ni redio?”

“Meza.”

“Meza gani inaimba? Sikiliza, shimo jipya limefika futi tisini na matimba hayana mtu. Unakuja lini?”

Mayala anaitazama droo. Anaisukuma ndani, anaivuta, anaisukuma tena.

“Njoo wewe, Gregory,” anasema. “Nina mbao ndefu huku, na sina wa kunishikia upande wa pili.”

“Ndefu kiasi gani?” anauliza Gregory.