Mkwe katika Chumba cha Mahututi

Sista Jescah Navalayo alizaliwa karibu na Butere, mwaka ambao mama yake aliukumbuka kwa nzige, kwa hiyo faili yake ya kazi inasema 1931. Alisomea uuguzi katika hospitali ya misheni iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Kakamega, akaajiriwa hapohapo, akaolewa, akafiwa na mume, akalea mtoto mmoja aitwaye Risper, na katika muda huo wote alichelewa kazini mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mvua. Mara ya pili ilikuwa siku baada ya sherehe za Uhuru, na siku hiyo hakuna aliyefika mapema.

Mwaka 1972 misheni ilipata nafasi moja ya kozi huko Nairobi: miezi tisa ya kujifunza kuuguza wagonjwa mahututi, wale ambao uhai wao hushikiliwa na mirija na macho ya mtu mmoja asiyeondoka. Wengi walidhani atapelekwa kijana. Metroni Mildred, mkuu wa wauguzi, alimchagua Navalayo mwenye miaka arobaini na mmoja. Alipoulizwa sababu alisema vijana wakienda Nairobi hawarudingi.

Navalayo alirudi Machi 1973. Alikuja na cheti, madaftari matatu yaliyojaa, mfuko wa mpira wa kumpulizia mgonjwa hewa, na mashine ndogo ya kufyonza makohozi iliyoendeshwa kwa mguu kama cherehani. Stoo ya mashuka iligeuzwa kuwa chumba cha mahututi. Kiliweza kuchukua vitanda viwili, mradi mlango usifungwe kabisa. Alipewa pia mwanafunzi, muuguzi aitwaye Onesmus, mtu mwenye nguvu na subira ambaye hakuwa na haraka ya kuelewa jambo lolote. Kila asubuhi Navalayo alimfundisha kuhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima, si kwa nusu dakika kisha kuzidisha mara mbili.

"Lakini Sista, jibu si ni lilelile?"

"Kwa mtu mwenye afya, ndiyo. Huyo hataletwa hapa."

Jumanne, tarehe 12 Juni, gari la kubebea mahindi lilimleta mwanamume wa miaka ishirini na tisa kutoka Chekalini. Taya zilikuwa zimefunga na mgongo umepinda kama upinde. Siku nane kabla ya hapo alikuwa akipalilia katika mashamba yale yaliyokuwa ya wazungu, akajikata mguu kwa jembe, akapaka jeraha udongo ili damu ikome, akaendelea hadi mwisho wa mstari. Ilikuwa pepopunda. Kila sauti, hata ya kijiko kikianguka, ilimkaza mwili mzima, na alipokazwa hakupumua. Daktari alimchoma sindano ya kumlegeza, akamtoboa kooni, akamtia mrija wa kupumulia. Alisema barabara ya kwenda hospitali nyingine yoyote ingemuua.

"Kuanzia hapa ni kazi ya Sista," alisema, akaenda kwa mama aliyekuwa akingoja kupasuliwa.

Jina la mgonjwa lilikuwa Cleophas. Alikuwa mume wa Risper.

Tangu harusi ilikuwa imepita miaka sita, na Navalayo na mkwewe hawakuwahi kukaa katika chumba kimoja. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakielekeana njiani mmoja wao huacha njia. Cleophas alipokwenda Butere kumjulia hali, alisimama nje ya ua, naye Navalayo alimjibu akiwa jikoni. Navalayo alikuwa mtu wa kanisa, lakini jambo hili hakuliweka katika fungu la dini. Aliliweka katika fungu la adabu, pamoja na kunawa mikono. Sasa mtu huyo alikuwa amelala uchi chini ya shuka, na ilibidi ageuzwe kila baada ya saa mbili, aogeshwe, na afyonzwe makohozi kooni kila yalipojaa. Yakimziba angekufa kwa dakika chache.

Metroni alimkuta amesimama koridoni.

"Sista, sisi ni watu wa Mungu. Hayo ya mkwe ni ya zamani."

"Metroni, mkwe wako yuko wapi siku hizi?"

"Nakuru."

"Ulimsalimu kwa mkono lini?"

"Hilo ni jambo lingine," alisema Metroni.

Mzee Mukhwana, baba mdogo wa Cleophas aliyekuja naye ndani ya lile gari, alikuwa kwenye benchi nje na kofia yake magotini. Yeye alilieleza jambo bila kulizungusha. Mama mkwe akimwona mkwewe uchi, wote wawili wangepaswa kutakaswa kwa kondoo, na mpaka hapo nyumba ya watoto isingekaa vizuri.

"Na akikufa?" aliuliza Risper, ambaye alikuwa amemaliza kulia na sasa alikuwa na hasira. "Akikufa nyumba itakaa vizuri? Mama, utamwangalia ama hutamwangalia?"

"Nitamsikiliza," alisema Navalayo.

Alitundika shuka kutoka ukuta hadi ukuta, akaketi upande mmoja na mgonjwa akawa upande wa pili pamoja na Onesmus. Mdogo wa Cleophas aliitwa kutoka Chekalini kusaidia kuogesha na kugeuza. Kwa kuwa sauti ilimkaza mgonjwa, hawakuweza kuzungumza. Hivyo Navalayo alifunga bendeji ndefu kwenye mkono wa Onesmus na kupitisha ncha yake chini ya shuka. Kuvuta mara moja: fyonza. Mara mbili: acha. Mara tatu: mgeuze. Chini ya mashine aliweka blanketi lililokunjwa mara nne. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kuhesabu pumzi za mtu asiyemwona.

Mzee Mukhwana aliuchunguza mpango huo kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo. "Hiyo ni sawa," alisema. "Kondoo akae nyumbani."

Mpango ulikwenda siku nne. Onesmus aliruhusiwa kulala kwa zamu na muuguzi wa wodi ya wanaume, ambaye naye alifungwa bendeji. Navalayo alilala kwenye kiti. Daktari alipopita alisoma karatasi ya mgonjwa, akaitazama shuka, akaitazama bendeji, akasema pumzi ni nzuri, akaondoka.

Jumamosi, saa tano na robo asubuhi, Navalayo alisikia mkoromo wa makohozi, akavuta mara moja. Mashine ilianza. Halafu mkoromo ukakoma ghafla mno. Akavuta mara mbili, mashine ikanyamaza, na upande wa pili wa shuka hakukuwa na kitu cha kuhesabu. Kozi ilikuwa imemfundisha kuuogopa mkoromo, na kuuogopa zaidi mkoromo unaokoma bila pumzi kufuata.

"Sista," Onesmus alinong'ona, "mpira wa kufyonza haupiti. Nasukuma haupiti."

Navalayo alipenya chini ya shuka. Midomo ya Cleophas ilikuwa na rangi ya jivu. Ndani ya mrija wa kooni kulikuwa na mrija mwingine mwembamba, wa kutolewa na kusafishwa, na huo ulikuwa umezibwa na makohozi yaliyokauka. Onesmus alikuwa amefundishwa kuutoa. Alikuwa ameutoa mara kumi na mbili kwenye mrija wa mfano na hata mara moja kwenye mtu aliye hai hakuwa ameutoa. Navalayo aliuzungusha, akauchomoa, akaweka mwingine safi, akafyonza, kisha akaunga mfuko wa mpira na kuubinya taratibu. Mara ya nane kifua kilipanda chenyewe.

"Ondoa shuka hii," alisema. "Inanizuia kuona."

Mzee Mukhwana alikuwa amesikia. Alivaa kofia yake. "Basi ni kondoo," alisema.

"Kondoo atangoja, Mzee."

Tangu saa hiyo Navalayo hakuondoka chumbani ila kwenda chooni. Kwenye kozi walikuwa wamesisitiziwa kwamba mgonjwa aliyelazwa kwa dawa huenda anasikia, na ni lazima aambiwe kila anachofanyiwa. Navalayo hakuwahi kulitaja jina la mkwewe na hakuona sababu ya kuanza wakati huo, kwa hiyo alitumia la mjukuu wake. "Baba Ayuma, nakugeuza kushoto," alinong'ona. "Baba Ayuma, sasa nakufyonza, utakohoa kidogo." Mara ngapi, faili ya mgonjwa haisemi. Inasema alimgeuza kila baada ya saa mbili kwa siku tisa, na kwamba mgonjwa hakupata kidonda cha kulala hata kimoja.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 25 Juni, dawa ya kumlaza ilikuwa imepunguzwa kwa siku ya tatu. Mikazo ilikuwa imekoma tangu Ijumaa, lakini hakuna aliyejua kama akili ilikuwa bado imo, baada ya zile dakika bila hewa. Navalayo alikuwa akimpangusa kinywa. Saa nne na dakika kumi Cleophas alifungua macho, akamtazama. Aliendelea kumtazama. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kupanda kutoka kitandani, ukitetemeka, ukafika usoni na kufunika macho, na kichwa kikageukia ukutani polepole kadiri mrija ulivyoruhusu.

Metroni alikuwa mlangoni. "Anakazwa tena! Sindano!"

"Hajakazwa, Metroni. Ananionea haya."

Aliweka kitambaa chini, akanawa mikono, akaandika kwenye karatasi: *Saa 4.10. Mgonjwa amemtambua mama mkwe. Amegeuka. Akili timamu.* Kisha akamwita Onesmus.

"Keti hapo. Hesabu dakika nzima."

Alitoka akaketi kwenye benchi. Alipofika Risper na chupa ya uji, alimwona mama yake nje, mikono mapajani, mahali ambapo hakuwa ameonekana kwa siku tisa. Chupa ilimponyoka.

"Amekufa?"

"Amenijua," alisema Navalayo. "Amegeukia ukutani."

Risper aliketi sakafuni kando ya uji akacheka, akacheka, hadi Metroni akaja kumwambia kwamba ndani kuna mgonjwa.