Kigoda cha Bibi Namkunda na Kioo cha Kukata Jua

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Same, fundi mkuu wetu Mzee Eliamini aliniuliza jua linaanzia wapi. Nikajibu kwa sauti ya darasani kwamba ni mashariki.

"Hapa linaanzia mlimani," akasema. "Likishavuka mlima, limeshaota pembe."

Nikaipenda kazi palepale. Kazi yenyewe, wadogo zangu, ni vioo viwili, na katikati yake vibati vyembamba vilivyopangwa kama ngazi. Mwanga unapita, jua kali linakatwa. Vikishafungwa humo havigeuzwi tena. Ndiyo maana Mzee alikuwa na desturi: kabla ya kuagiza kioo, fundi aketi chumbani mpaka jua livuke mlima, aone linapoangukia.

Basi tukaitwa kwa Bibi Namkunda. Alikuwa amepasuliwa macho, jua kali halitaki, na dirisha lake linatazama mlima alikozaliwa. Mwanawe, Baba Neema, kwa huruma tu, alishapanga matofali uani alizibe. Akatupa nafasi moja: kioo kikishindwa, matofali yanaingia.

Nikaketi chumbani mwake kwenye kiti kilicholetwa toka sebuleni, nikapima, tukaagiza. Siku ya kufunga, moyo ulinidunda kama wa bwana harusi. Jua likavuka mlima, chumba kikabaki baridi. Bibi akaingia na kigoda chake, akaketi, akainua uso.

"Mbona mmeniwekea kichana? Mlima uko wapi?"

Hakuna aliyekifikiria kigoda. Macho yake yalikuwa chini ya ukingo wa dirisha; kila akitazama juu, aliviona vibati tu. Mwanawe akamsihi ahamie kitini.

"Nikae kitini nyumbani kwangu, kama mgeni?"

Baba Neema akatazama uani. Mzee Eliamini naye akatazama uani, akatabasamu. "Matofali yako tutayatumia, mwanangu. Ila tutayalaza chini."

Tukajenga jukwaa pana na fupi chini ya dirisha. Lilipokauka, Bibi akapanda nikimshika mkono, akaweka kigoda chake. Kisha akanionyesha kwa kidole njia ya kwao mlimani, kona kwa kona, na mimi naona kijani tu, nikaitikia kila kona.

Mzee amestaafu sasa, analima kijijini Kifaru. Mimi naota kila shule ya tambarare ipate vioo hivi. Juzi nilipima chuo cha Kurani kando ya barabara kuu, nikampigia simu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo umekalia nini?"

"Mkeka, Mzee. Pamoja na watoto."

"Basi agiza kioo."