Miungu saba ya chini ya muto

Katekista alitupa karton yetu motoni, akamwambia mama, akionyesha dada: «Binti yako iko mulozi. Aondoke leo hii.»

Hata sasa, sokoni Kasongo, nikisikia harufu ya karton ya sabuni ikiungua, narudi mule jikoni. Juu ya karton ile nilichora dunia saba za chini ya muto, kila moja na mungu wake. Mimi na dada tulicheza: tulirusha kokwa za michikichi juu yake, na mwenye kufika kwa mungu alisema kwa sauti yake. Dada alifika kwa mungu wa midomo miwili, akanguruma: «Nani alikula samaki yangu?»

Nikamujibu: «Ni katekista, mukubwa!»

Katekista alikuwa anapita njiani, akasikia, akaingia.

Baba mukubwa, mwenye kuamua mambo ya kwetu, alikubaliana naye. Dada alifukuzwa kwa miguu kuelekea Wamaza, hatukumuona tena.

Katekista, ungali hai. Mungu yule nilimutunga mimi, na maneno yale nilisema mimi. Njoo mbele ya mama, umujibu: dada alikosa nini?