Maiti alikuwa anasubiri, nikakataa kuwasha ndege yenye injini baridi

Namshukuru Mola aliyeniamsha leo na akili zangu timamu, na rehema zimfikie Mtume wetu na jamaa zake.

Wakuu, salaam. Mimi ni mzee wa Tanga, naishi Scarborough, Kanada, na Jumamosi nafundisha madrasa. Haya niliyashuhudia mwenyewe na chumvi sijatia.

Baada ya kustaafu nilijifunza kurusha ndege ndogo. Wanangu walinipinga kwa Kiingereza, nami nikaendelea kujifunza kwa Kiswahili. Kisha nikanunua ndege kuukuu ya viti vinne kwa ubia na Dominic, Mgoa wa Nairobi, Mkatoliki asiyekosa misa. Tuliiegesha kiwanja kimoja kidogo kaskazini mwa Toronto, nje, kwenye theluji.

Sasa, majira fulani ya baridi, miaka ya 2010 hivi, mama mmoja alifariki mji wa mbali huko kaskazini, nyumbani kwa mwanawe Hamadi. Mji mzima haukuwa na mwanamke Mwislamu anayejua kuosha maiti. Kwa gari ni safari ya siku nzima, na barabara zilikuwa mbaya.

Hamadi alinipigia simu analia. "Sheikh, mama yangu azikwe bila kuoshwa?"

Nikamwambia hapana. Nitawaleta Bi Mwanaidi na mwenzake Bi Salma, waoshaji wetu.

Asubuhi tunafika kiwanjani, tunakuta waya wa umeme wa hita ya injini umechomolewa. Gari la kusukuma theluji lilipita nao. Injini imelala kwenye baridi usiku kucha, na theluji nyingine imetabiriwa kuingia jioni.

Kwa wasiojua: injini hizi haziwashwi hivi hivi kwenye baridi kali. Vyuma vya ndani husinyaa, kila kimoja kwa kiasi chake, na oili huwa nzito, haifiki inakotakiwa. Injini inaweza kuwaka vizuri tu, ukafurahi, kumbe inajisaga ndani kwa ndani. Utakuja kujua ukiwa juu ya msitu.

Kwa hiyo unaipasha moto kwanza. Ndiyo preheat.

Tukaazima hita ya gesi, tukaelekeza bomba lake la hewa moto kwenye pua ya ndege, tukaifunika pua mablanketi. Nikasimama palepale, maana moto na petroli havikai pamoja bila msimamizi.

Dominic akaingiza mkono. "Ustadh, silinda zimeshapata moto, shika. Tuwashe bwana, weather inakuja!"

Nikashika. Kweli, juu pa moto. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Imeng'ang'ania kama lami.

"Chini bado."

"You and your chini!"

"Juu ndiko kunakodanganya, Dominic."

Mara simu. Mwenyekiti wa jumuiya yetu.

"Sheikh, si wewe unayetufundisha kwamba maiti hacheleweshwi? Leo unamchelewesha kwa ajili ya oili?"

"Nimefundisha, na Jumamosi nitafundisha tena. Lakini maiti anayesubiri ni mmoja. Sitaki tuwe wanne."

"Watu wanasema unaogopa."

"Waambie ni kweli. Aliyeniumba amenipa woga ili niutumie."

Bi Mwanaidi, mama wa Mombasa, alikuwa ndani ya gari la Dominic na chupa yake ya chai. Akateremsha kioo. "Hebu nipe hiyo simu." Akaisogeza mdomoni. "Mwenyekiti, kama una haraka hivyo, njoo umwoshe wewe!"

Akaikata.

Akanirudishia simu. "Na wewe Sheikh, huo uji wako hauivi?"

Wakuu, niseme kidogo hapa. Kutawakali si kumjaribu Mungu. Anayekimbilia hatari kisha akasema "Mungu yupo" hajaongeza imani yoyote, ameongeza kelele tu.

Nilisali Adhuhuri juu ya kipande cha boksi. Nilipochomoa tena kijiti, oili ilidondoka yenyewe, tone kwa tone. Dominic akafanya ishara ya msalaba, akabaki kiwanjani, tukapanda mimi na wale mama wawili. Injini ikawaka mara moja.

Tulitua jua likielekea kuzama. Nilipoanza kumweleza Hamadi sababu za kuchelewa, akanikatiza.

"Sheikh, mmechelewa nini? Njoo uone."

Akanipeleka makaburini. Mahali pa kaburi pamefunikwa sanduku kubwa la chuma, na chini yake moto wa gesi unanguruma. Ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe, jembe haliingii. Mchimbaji, mzee wa Kizungu, alisema itakuwa tayari kesho asubuhi. Hakuna aliyemwita mwoga.

Basi Bi Mwanaidi na Bi Salma wakamwosha yule mama taratibu, hatua zote, bila kukimbizwa. Asubuhi tukamsalia, tukamzika.

Mwenyekiti mpaka leo husema kwenye vikao kwamba nilichelewesha janaza. Na aseme. Kesho yakitokea tena, nitasimama palepale na hita yangu.

Somo langu: mtu akikuharakisha kwa jina la dini, muulize kwanza kama na yeye anapanda.

Marubani mliomo humu, na ninyi mnaozika kwenye nchi za baridi, leteni yenu. Na anayeona nilikosea aseme, nitamsoma kwa subira.

Wewe uliyefika hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie safari za salama, na siku yako ikifika, upate watu wa kukuosha bila pupa. Amin.