Kheiria, mkalimani wa mjane wa Matrah

Saa mbili asubuhi, Kheiria Salem anafungua ofisi yake ya tafsiri katika mtaa wa Azaiba, kwenye nchi ya Kiarabu anakoishi, anawasha kiyoyozi, anakaa. Simu haiiti. Mama huyu wa miaka 61, mzaliwa wa Unguja, anafasiri Kigujarati kwa Kiarabu. Lugha hiyo aliiokota utotoni kwa majirani wa Kihindi.

"Siku hizi vijana wa Kihindi wa hapa wote wanajua Kiarabu," anasema. "Wiki hii nna karatasi moja tu."

Mumewe amefariki, wanawe wako Uingereza. Nyumbani kwake, mtaa wa Ansab, hupitisha siku nzima bila kusema na mtu.

Kazi asiyoisahau aliifanya mwaka jana. Jamnaben, mjane wa Kihindu wa mtaa wa Matrah asiyejaaliwa mtoto, aliitwa kwa wakili pamoja na shemeji yake. Shemeji alitaka duka na nyumba ya marehemu, akidai ndiyo desturi ya wazee wao. Wakili hakujua Kigujarati, kwa hiyo Kheiria akawekwa katikati.

"Jamnaben akaniambia, 'Mkumbushe shemeji yangu maneno ya Yajnavalkya.' Nikamuuliza, nani huyo? Akasema ni mwanachuoni wao wa kale, sheria zao za mirathi zimesimama juu ya maneno yake. Na yeye kasema, mtu akifa hana mwana, wa mwanzo kurithi ni mke."

Kheiria akaanza kumfasiria wakili.

"Shemeji alikuwa keshasikia kwa lugha yake. Akainamisha kichwa kabla sijamaliza Kiarabu."

Siku hiyohiyo aliyaacha madai yake.

Tangu hapo Jamnaben akawa anamwalika chai kila Ijumaa jioni. Alimsimulia kwamba Yajnavalkya alipoamua kuihama nyumba yake kwenda kutafakari, alitaka kuwagawia mali wake zake wawili. Mmoja akamuuliza: nikipewa mali ya dunia nzima, nitaepukana na mauti? Akajibu, hapana. Basi mke yule akaomba elimu.

"Alipomaliza alinimiminia chai," anasema Kheiria. "Kisha akasema, 'Duka nimelipata, dada. Wa kula naye sina.'"

Miezi michache baadaye Jamnaben aliuza duka, akarudi kwa ndugu yake Bhuj, India. Kheiria humpigia simu, lakini masikio ya mwenzake yamekuwa mazito na maneno mengi hupotea.

Desemba anakusudia kuifunga ofisi kwa mwezi mzima.

"Nshaomba viza. Wanangu wananiuliza, mama, Bhuj unakwenda kufanya nini? Nimewaambia nakwenda kuzungumza."