Kesho ya Fundi

Fundi makochi aliyefika ughaibuni na sindano yake iliyopinda kwenye mfuko wa shati hakuwa mtu mbaya, na ninaomba hilo lishikwe mapema kabla sijaanza kumsema. Alikuwa mtu wa kesho tu. Mafundi wengi ni watu wa kesho. Anayebisha ampelekee fundi suruali ipunguzwe urefu. Utamuuliza lini, atakujibu kesho, tena kwa tabasamu. Wewe unajua si kesho, naye anajua kwamba unajua, na mtaagana vizuri. Kwao hakuna aliyeliita neno hilo uongo. Lilikuwa neno la adabu la kumwondoa mtu mlangoni bila kumvunja moyo.

Ughaibuni lilimponza mapema. Karakana aliyoajiriwa ilikuwa ya mama mmoja mnene aliyevaa miwani yenye kamba shingoni, na mteja alipouliza kochi lake litakuwa tayari lini, fundi akajibu kama alivyozoea. Kesho yake asubuhi mteja huyo huyo alisimama mlangoni na gari la kubebea, na kochi lilikuwa limelala chali, sponji nje, springi nje, kama kuku aliyenyonyolewa. Bosi hakupiga kelele. Alimvuta pembeni akamwambia taratibu kwamba huku ukisema kesho, mtu anakuja kesho.

Fundi akanyooka tangu siku hiyo. Kazi ya Alhamisi ilitoka Alhamisi. Wenyeji wakampenda kwa mshono wake usioonekana na kwa kushika siku. Mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba kesho zote alizonyimwa kazini sasa alikuwa akizibeba na kuja nazo nyumbani.

"Mume wangu, bomba la jikoni linavuja."

"Kesho, mama nanii, nitalitazama."

"Na hili kochi letu? Fundi makochi mzima, mgeni akija anakalia springi!"

"Mganga hajigangi," alijibu fundi, akajicheka mwenyewe.

Mkewe alifua mashuka ya hospitali kwenye jengo lisilo na madirisha, akarudi jioni vidole vimekunjamana na maji. Waliishi vyumba viwili ghorofa ya juu kabisa, na lifti ilipanda pale ilipojisikia. Ukutani kwenye korido kulikuwa na kulabu tatu za makoti: la baba, la mama, na la binti yao, ambaye walimhamisha angali mgongoni. Binti huyo alipewa jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo fundi hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita mama. Bibi mwenyewe, aliyebaki kule nyumbani, alimwita Kasuku, kwa sababu kila alichoambiwa kwenye simu alikirudia neno kwa neno.

Shuleni Kasuku alizungumza lugha ya huko kwa kasi hadi wazazi wake walibaki wakimtazama mdomo. Kiswahili alikipata kwa watu watatu tu duniani: baba, mama, na sauti ya bibi iliyokuja na kukatika. Watu watatu ni wachache kwa kujifunzia lugha. Kosa la mmoja halina wa kulisahihisha.

Siku ya Jumapili walikwenda baharini. Usiwaze mchanga wala jua. Ilikuwa bahari ya rangi ya sufuria kuukuu, ufukwe wa kokoto, upepo unaoingia masikioni na kukaa humo. Walipanda basi, wakabeba chupa ya chai na mkate uliofungwa kwenye taulo, wakakaa kwenye benchi moja lililopakwa rangi ya kijani ikabanduka. Mama alivua viatu akanyoosha miguu. Baba alifumba macho. Kasuku alishuka mpaka pale mawimbi yanapoishia. Mbele yao boti ndogo ya matembezi ilizunguka mwamba na kurudi, ikazunguka tena, na watu waliokuwa ndani wakawapungia mkono walio nchi kavu.

"Baba, tupande boti?"

"Kesho, mama."

Kila Jumapili aliuliza, na jibu halikubadilika. Si kwamba baba alimnyima. Alikuwa amechoka, na boti ingekuwapo tu.

Jumapili moja upepo ulizidi, na fundi akaita kutoka kwenye benchi, "Mama! Toka majini, utapata mafua!"

Kasuku aligeuka, akatikisa kichwa kukataa, kwa upole, akasema, "Kesho!"

Fundi alicheka mpaka chai ikampalia. Mkewe hakucheka. Alimwita mtoto, akamfuta miguu, akamuuliza, "Hebu niambie, kesho ni nini?"

"Kesho ni hapana," alisema Kasuku. "Hapana ya mtu anayekupenda."

Mama alimtazama baba. "Umesikia? Ndicho ulichomfundisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

"Neno moja tu hilo, jamani. Nitamsahihisha."

"Lini?"

Fundi alifungua mdomo, akagundua jibu lililokuwa njiani, akaufunga. Walicheka wote wawili, nami nisingewalaumu, maana ilichekesha. Ila hakumsahihisha. Jumatatu alikuwa na viti vya mgahawa vya kuvalisha upya, na baada ya viti yakaja magodoro ya boti, na mambo ya ulimi wa mtoto yakasubiri.

Jambo lililosubiri kuliko yote lilikuwa safari. Tangu alipoondoka fundi hakuwahi kurudi kumwona mama yake. Kila simu iliishia pale pale.

"Mwanangu, mtakuja lini niwaone? Magoti haya hayanisubiri."

"Tutakuja tu, mama. Mwaka huu huu."

"Haya. Linalowezekana leo lisingoje kesho. Lakini wewe fundi, nakuambia nini?" Kisha alicheka, na kicheko chake kilikuwa kama cha fundi, cha puani. Alimjua mwanawe. Neno lake hakulipima tena kwa uzito wa neno. Kwa mjukuu ilikuwa tofauti, kwa sababu mjukuu hakuwa fundi na hakuwa amemdanganya kamwe.

Siku ya simu ile mbaya ilikuwa Jumatano. Fundi alikuwa amepiga magoti karakanani, mdomo umejaa misumari midogo, akivuta kitambaa kwenye pembe ya kiti, dada yake alipopiga. Alitema misumari mkononi.

"Mama ana kichomi," dada yake alisema. "Hali si nzuri. Lakini kaka, na wewe! Kama mmeahirisha, si ungemwambia?"

"Kuahirisha nini?"

"Safari! Si mlimwambia mnakuja Jumapili?"

"Nani alimwambia?"

Dada yake akaeleza, sauti ikianza kuingiwa na shaka. Jumamosi mama aliongea na Kasuku kwenye simu, kisha akatoka uani anapiga vigelegele peke yake. Alisema wanakuja kesho. Walipomwambia apige tena ahakikishe, alikataa. Mwanangu anataka kunishtukiza, alisema, msimharibie. Akafua mashuka yake mazuri, akawaachia wageni kitanda, yeye akalala chini. Jumapili alivaa gauni jipya, akaenda kukaa njia panda mahali mabasi yanaposimama, kwa sababu mtoto hajui nyumba. Mvua ikaja. Wakamfuata na mwavuli, wakamsihi arudi, akawajibu kwamba mtoto asije akashuka asimkute mtu. Walimwondoa jioni, amelowa mpaka kwenye mifupa.

Fundi aliikumbuka Jumapili hiyo. Walikuwa baharini. Huko nako kulikuwa na mvua ya manyunyu, wakarudi mapema, akalalamika kwamba siku imeharibika.

Hakumaliza kiti. Alikwenda nyumbani kwa miguu, akamkuta Kasuku anachora kwenye meza ya jikoni na bomba linadondoka nyuma yake.

"Mama, bibi alipiga simu Jumamosi?"

"Ndiyo. Mama alikuwa juu ya paa anaanika nguo. Nikapokea."

"Alisemaje?"

"Aliuliza tutaenda lini."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kesho," alisema Kasuku, akatikisa kichwa vile vile alivyotikisa ufukweni, kwa upole na huruma. Kichwa kilichotikiswa hakionekani kwenye simu. "Bibi akafurahi sana. Kisha simu ikakatika. Nimekosea?"

"Hujakosea," fundi alisema.

Kule kwao bibi alipenda kusema majuto ni mjukuu, yaani hayatangulii, huja nyuma baada ya mambo kuzaa mambo. Fundi alikuwa ameisikia methali hiyo tangu utotoni bila kuitazama usoni. Aliegemea makoti kwenye korido akalia, mkewe akarudi akamkuta hapo hapo, uso umezama kwenye koti dogo.

Waliongea wawili chumbani, mlango umefungwa. Mke ndiye aliyekata shauri. "Mtoto asijue. Ukimsahihisha neno leo atauliza kwa nini leo, na yule si mjinga, ataunganisha. Atakua na mzigo huo mpaka uzeeni. Mwache na neno lake. La kufanya ni wewe uende."

Fundi alikwenda kwa bosi wake asubuhi akiwa amejiandaa kubembeleza. Yule mama alivua miwani, akamwambia aende hata sasa hivi, viti vitasubiri. Kisha akamuuliza, kwa kushangaa tu, kwa nini miaka yote hiyo hakuwahi kuomba. Fundi alikuwa amejiambia siku zote kwamba kazi haimruhusu, na kazi haikuwahi kuulizwa.

Ndege ilikuwa ya siku iliyofuata. Jioni, begi likiwa mlangoni, dada yake alimwekea mama simu sikioni. Pumzi ilisikika kwanza, nzito, yenye mkwaruzo.

"Mwanangu. Utakuja lini?"

"Kesho, mama."

Kisha kile kicheko cha puani, kidogo sana, kikaishia kwenye kikohozi. "Kesho ya fundi hiyo."

"Hapana, mama, ni kesho kweli! Tiketi ninayo, begi liko mlangoni. Kesho ya watu! Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, baba. Haya. Kesho."

Alilisema kama mtu anayemkubalia fundi mlangoni ili waagane vizuri. Alifariki kabla ya alfajiri. Fundi alifika siku hiyo hiyo kama alivyosema, neno lake la kwanza kutimia katika maisha yake yote nje ya karakana, akakuta watu wamejaa uani na dada yake hana sauti. Kitanda kilikuwa bado kimetandikwa yale mashuka mazuri, hakuna aliyeyalalia. Alimzika mama yake. Mashuka alishindwa hata kuyagusa.

Aliporudi, alilitengeneza bomba la jikoni akiwa bado na koti la safari mwilini. Wiki hiyo hiyo akalivua kochi lao, akalitia sponji mpya, akalishona mshono usioonekana. Mkewe alimtazama akipiga misumari, na utani wote aliokuwa nao kuhusu kochi lile ulimwishia. Aliketi juu yake likiwa tayari, akasema ni zuri, akaenda kulala.

Jumapili walikwenda baharini, kwa kuwa Kasuku aliomba, na baba hakuwa na nguvu tena ya kuahirisha chochote. Benchi ni lile lile. Boti ilikuwa imefungwa kwenye gati na kufunikwa turubai, kwani msimu wake ulikuwa umekwisha. Fundi aliitazama kwa muda mrefu. Mkewe alivua viatu, akavivaa tena kwa baridi, akashuka kuokota kokoto ambazo hakuzihitaji, ili watu wasimwone uso.

Kasuku alikaa karibu na baba yake, miguu haifiki chini. Alikuwa ameambiwa kwamba bibi amekufa, na alikuwa amelichukua jambo hilo kimya kimya siku kadhaa, akiligeuzageuza. Sasa aliona machozi ya baba yanakwenda pembeni na upepo, akamwekea mkono juu ya goti.

"Baba, usilie. Bibi atapiga simu kesho."

Fundi aligeuka haraka. Nusura amwambie siyo, nusura amshike mabega na hatimaye kumfundisha neno lile lina maana gani kwa watu wote wengine. Lakini Kasuku alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, kwa huruma, akimtazama machoni aone kama ameelewa. Hakuwa anamfariji kwa uongo. Alikuwa anamwambia ukweli, kwa neno laini kuliko yote aliyopewa na baba yake.

"Kesho, mama," fundi alimjibu, akatikisa kichwa naye.